Ginea Nyumbani Kwake: Safari ya Viunga vya Dar es Salaam, kutoka Bunju hadi Chamazi

Nyasi za kudumu zinazoota kwa mafungu ni zile ambazo chipukizi la kwanza huzaa mengine mengi pembeni mwake, yote yakishikamana kwenye kitako kimoja chenye mizizi mingi, na ambazo hazifi baada ya kutoa mbegu kama yafanyavyo mahindi, bali hunyauka wakati wa kiangazi na kuchipua upya mvua zinaporudi. Katika viunga vya Dar es Salaam mojawapo ya nyasi hizo zinazoonekana zaidi ni ginea, ambayo wataalamu wa mimea huiita Megathyrsus maximus, na ambayo katika vitabu vingi vya malisho bado imeandikwa kwa jina lake la zamani, Panicum maximum. Wakazi wengi huihesabu miongoni mwa majani ya kufyekwa tu, na viongozi wa mitaa huikumbuka zaidi siku za usafi, inapoonekana kuwa maficho ya nyoka na vibaka. Hata sayansi ilikutana nayo ugenini kabla ya kuijua kwao, kwa sababu Nikolaus Joseph von Jacquin, mtaalamu wa mimea wa Vienna, aliielezea mwaka 1781 kwa kutumia mmea wa Guadeloupe, kisiwa cha Karibi ambako nyasi hii ilikuwa imekwisha kufikishwa kutoka Afrika.

Safari inayosimuliwa hapa ilifanywa mwishoni mwa masika, nyasi zikiwa zimetoa masuke, kutoka Bunju katika Manispaa ya Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi katika Manispaa ya Temeke. Shabaha yake ilikuwa kuitazama ginea katika mazingira yake ya asili, na kupima ni kiasi gani cha mazingira hayo kimebaki ndani ya mkoa ambao watu wake waliongezeka kutoka 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022.

Barabara ya Bagamoyo

Msafiri anayepanda daladala ya Bunju katika kituo cha Makumbusho hupita Mwenge, Lugalo, Tegeta na Boko, na katika sehemu kubwa ya njia hiyo hakutani na nyasi yoyote isipokuwa ukoka uliopandwa mbele ya nyumba na maduka, pamoja na bustani za miche ya maua na miti ya kivuli inayouzwa kandokando ya lami. Baada ya Tegeta ginea huanza kujitokeza, kwanza kwenye kingo za mitaro, kisha ndani ya viwanja vilivyozungushiwa ukuta na kuachwa bila kujengwa, na hatimaye, Bunju ikikaribia, chini ya miembe na mikorosho iliyobaki katika mashamba yanayoendelea kukatwa viwanja. Mpangilio huu wenyewe unaeleza tabia ya mmea: ginea hupenda udongo uliochimbuliwa na wenye rutuba kiasi, unyevu usiotuama, na kivuli chepesi, na mji unaopanuka huiandalia mambo hayo yote kwa muda fulani kabla ya kuyafunika kwa zege.

Fungu lililochunguzwa kwa karibu, pembeni mwa njia inayotoka Bunju kuelekea Mabwepande, lilikuwa refu kuliko mtu mzima aliyesimama wima, na kitako chake kilikuwa na upana wa beseni la kufulia. Mashina ya nje yalikuwa yameinama kwa uzito wa masuke, ya kati yamesimama, na kila shina lilikuwa limegawanywa na vifundo vyenye vinyweleo vifupi vyeupe. Kila jani la nyasi hii huanza kwa ala, yaani sehemu ya chini inayolikumbatia shina, kabla ya kufunguka kuwa bapa refu lenye mshipa mweupe katikati. Suke ni pana na limelegea, na matawi yake ya chini kabisa hutoka mahali pamoja yakalizunguka shina, ilhali yale ya juu hupishana, alama inayotosha kuitambua ginea hata kutoka dirishani mwa gari. Anayetaka uhakika zaidi huchukua punje chache, akazisugua katika kiganja mpaka maganda mepesi ya nje yatoke, kisha akalitazama kwa kioo cha kukuzia ganda gumu linalobaki, ambalo limejaa mikunjo midogo ya kukingama. Punje za jamii ya Panicum kwa kawaida ni laini na zinang'aa, na tofauti hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya wataalamu wawili wa Australia, Bryan Simon na Surrey Jacobs, kuitoa ginea katika jamii hiyo mwaka 2003 na kuiweka katika Megathyrsus.

Barabara ya Bagamoyo ina nafasi ya pekee katika historia ya malisho duniani, ingawa hakuna kibao kinachosema hivyo. Mwaka 1967 na mwaka 1969 watafiti wa ORSTOM, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa kisayansi katika nchi za ng'ambo, walizunguka Kenya na Tanzania wakikusanya ginea za kila namna, kwa kuwa Afrika Mashariki inatambuliwa kuwa kitovu cha aina zake nyingi. Katika msafara wa mwaka 1969, mahali fulani kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo, walichukua mmea mfupi wenye majani membamba, ambao ulibainika kuwa chotara wa asili kati ya ginea na ndugu yake wa pwani, Megathyrsus infestus. Mkusanyo huo ulitunzwa Côte d'Ivoire, na katika miaka ya 1980 nakala yake ilifika kwa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la Brazil, katika kituo chake cha Campo Grande. Huko mimea iliyochukuliwa katika eneo la Korogwe, mkoani Tanga, ilichaguliwa na kutolewa kwa wafugaji kwa jina la Tanzânia mwaka 1990 na kwa jina la Mombaça mwaka 1993, na yule chotara wa Barabara ya Bagamoyo akatolewa mwaka 2001 kwa jina la Massai. Ng'ombe wa nyama wanaolishwa leo katika nyanda za kati za Brazil hula, kwa sehemu, majani ambayo mama zake waliota kando ya njia wanayopita abiria wa Bunju kila asubuhi.

Ukingo wa msitu wa Pande

Kutoka Mabwepande njia ya magari inaelekea magharibi hadi kwenye Pori la Akiba la Pande, ambalo lilikuwa msitu wa hifadhi kabla ya kupandishwa hadhi kuwa pori la akiba mwaka 1990. Pande ni kipande cha misitu ya pwani, yaani misitu midogo iliyotawanyika katika ukanda wa mwambao kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, ambao Frank White, katika maelezo yake ya uoto wa Afrika ya mwaka 1983, aliutambua kuwa eneo la pekee lenye mimea isiyopatikana mahali pengine. Ndani ya msitu uliofungamana ginea haionekani, kwa sababu mwanga unaofika chini hautoshi. Katika uwanda ulio wazi kabisa, unaochomwa moto kila kiangazi, nafasi yake huchukuliwa na nyasi nyingine zinazovumilia jua kali na udongo mkavu. Makao yake ni pale pawili panapokutana, katika mstari mwembamba wa ukingo ambao mti ulioanguka, njia ya wanyama au kingo za kijito huuongeza au kuupunguza mwaka hadi mwaka.

Uwezo wa kuishi katika mstari huo unatokana na jambo linalowavutia wataalamu wa fiziolojia ya mimea. Mimea mingi hukamata hewa ya ukaa na kuigeuza sukari ndani ya seli zilezile, lakini nyasi nyingi za nchi za joto zina njia ya ziada iitwayo njia ya C4, ambamo hewa hiyo hukamatwa kwanza katika seli za nje za jani na kuwa asidi yenye atomi 4 za kaboni, kisha asidi hiyo husafirishwa hadi kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, na huko hewa ya ukaa huachiliwa kwa wingi ili itengenezwe sukari bila kupotea. Njia hii ina faida kubwa penye jua na joto, lakini hugharimu nguvu, na kwa sababu hiyo mimea mingi inayoitumia hudhoofika inapotiwa kivulini. Ginea inatumia njia ya C4, na hata hivyo huvumilia kivuli chepesi kuliko nyasi nyingi za aina yake, jambo linaloeleza kwa nini katika ukingo wa Pande majani yake chini ya miti yalikuwa mapana na ya kijani kilichokolea, wakati mafungu yaliyokuwa juani umbali mfupi tu yalikuwa yameanza kuwa manjano.

Umbo la fungu nalo ni silaha dhidi ya moto na meno. Macho ya kuchipua, yaani sehemu changa ambamo mashina mapya huanzia, yamejificha chini kabisa kwenye kitako, yakiwa yamefunikwa na mabaki ya ala za majani yaliyokufa, hivyo moto unaopita haraka huteketeza majani na kuyaacha macho yakiwa hai, na mnyama anayekula juu hafiki yalipo. Mwenyeji mmoja mwenye umri mkubwa, anayelima muhogo jirani na pori, alieleza baada ya shikamoo na marahaba kwamba majani haya hayang'oleki kwa mikono ardhi ikikauka, na kwamba mkulima anayetaka kuyamaliza hulazimika kukichimbua kitako kizima kwa jembe na kukigeuza mizizi juu wakati wa jua, kwani kilichokatwa kwa panga kitakuwa kimerudi kabla ya palizi ya pili.

Matumbawe na chumvi

Kuelekea baharini, kuanzia Wazo hadi Kunduchi na Mbweni, ardhi hubadilika kutoka udongo wa mchanga na mfinyanzi kuwa mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, ambao ndio uliofanya kiwanda cha saruji kujengwa Wazo na kuanza kazi mwaka 1966. Juu ya mwamba huo udongo ni kidogo na umekusanyika katika nyufa, na humo ginea huota kwa mafungu madogo yaliyoachana. Vichaka vya mwambao wa namna hii ndivyo makao ya Megathyrsus infestus, ambayo hutofautishwa na ginea kwa suke lake, kwa kuwa matawi yake ni mafupi, hayagawanyiki kama ya ginea, na yamebeba punje zilizobanana. Aina hizi mbili zimeelezwa bega kwa bega katika sehemu ya 3 ya juzuu la nyasi la Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, iliyoandikwa na W. D. Clayton na S. A. Renvoize na kutolewa mwaka 1982. Chotara kama Massai hawezi kutokea isipokuwa pale ambapo ndugu hawa wawili wanaishi karibu kiasi cha chavua ya mmoja kulifikia ua la mwingine, na mahali pa namna hiyo ni ukanda huu wa pwani, ambao sasa una viwanja vya bei kubwa katika upande wa kaskazini wa jiji.

Ginea haifiki ufukweni penyewe. Nyuma ya mikoko ya Kunduchi, mahali ambapo maji ya bamvua hufika na kuacha ukoga wa chumvi, ardhi hushikwa na nyasi fupi inayotambaa, Sporobolus virginicus, yenye uwezo wa kuishi penye chumvi, na kati yake na ginea hubaki ukanda mwembamba ambamo hakuna hata moja kati yao inayostawi.

Wakata majani

Kuanzia saa za asubuhi, katika barabara za ndani za Boko, Goba na Mbezi, huonekana wanaume wenye mundu na baiskeli wakifunga mizigo ya majani mabichi kwa kamba za mpira, mzigo ukiwa mpana kiasi cha kuificha baiskeli yote isipokuwa usukani. Biashara hii ina historia yake. Katika miaka ya 1980, mishahara ilipopoteza thamani, watumishi wengi wa umma mjini Dar es Salaam walianza kufuga ng'ombe wa maziwa na kuku katika nyua za nyumba zao, na kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliukubali ufugaji huo kwa masharti ya kuweka kikomo cha idadi ya ng'ombe na kuwafungia bandani. Ng'ombe asiyetoka lazima aletewe chakula, na kwa kuwa wafugaji wengi hawana shamba la malisho, malisho ya mjini yakawa ni yale yanayoota mahali pasipo na mwenyewe, yaani kandokando ya reli, barabara, mito na viwanja vilivyoachwa, ambako ginea ndiyo inayotoa mzigo mkubwa kwa muda mfupi.

Wakataji wana ujuzi unaolingana na ule wa vitabu vya malisho. Hukata fungu likiwa bado halijatoa masuke, kwa kuwa baada ya hapo mashina hukomaa, protini ya majani hupungua, na ng'ombe huchambua majani na kuyaacha mashina katika hori. Hawakati chini sana, bali huacha kisiki chenye kimo cha shubiri moja hivi, kwa kuwa akiba ya chakula ya mmea imo katika sehemu ya chini ya mashina, na fungu linalokatwa hadi udongoni mara kwa mara huchoka na kuwaachia nafasi ndago na magugu mengine. Kila mkataji ana njia yake anayoizunguka kwa wiki kadhaa, akirudi mahali palepale majani yanapokuwa yamefikia kimo kinachofaa, hivyo mafungu yanayoonekana kuwa pori kando ya barabara yana ratiba ya kuvunwa. Kiangazi kinapobana, mfugaji hulazimika kununua majani makavu yaliyofungwa marobota, mengine yakitoka katika shamba la serikali la Vikuge, wilayani Kibaha, linalozalisha malisho na mbegu zake.

Kutoka Msimbazi hadi Kizinga

Kutoka Kinondoni kuelekea Temeke msafiri huvuka bonde la Msimbazi, mto unaoanzia katika vilima vya Pugu na kuingia baharini katikati ya jiji, na ambao mafuriko yake ya Desemba 2011 yalisababisha familia nyingi za mabondeni kuhamishiwa Mabwepande. Bonde hili lina matete penye tope na mabingobingo katika kingo, pamoja na ginea kwenye matuta ya taka na kifusi, lakini udongo wake umechanganyika na uchafu wa mji kiasi kwamba haliwezi tena kuhesabiwa kuwa mfano wa mazingira ya asili. Mfano huo unapatikana vizuri zaidi mbele, katika mabonde ya Kizinga na Mzinga, ambayo Barabara ya Kilwa inayavuka kuelekea Mbagala na Kongowe.

Ardhi ya Temeke ni ya mchanga mwingi na ni maskini kuliko ile ya Mabwepande, na juu ya miinuko ya Mbagala na Chamazi nyasi inayotawala ni motomoto, Imperata cylindrica, ambayo haioti kwa mafungu bali husambaa kwa mashina ya chini ya ardhi yenye ncha kali zinazochoma nyayo za wanaolima peku. Motomoto hupenda mashamba yaliyochoka na kuchomwa mara kwa mara, kwa hiyo kuenea kwake kunaonyesha udongo uliopoteza rutuba. Anayeteremka kutoka mwinuko wa Charambe kuelekea kijito kimojawapo cha Kizinga huona mabadiliko kwa hatua chache: motomoto hukoma pale mchanga unapoanza kuwa mweusi, mafungu ya ginea hufuata chini ya miembe na minazi ya kando, yakifuatiwa na bustani za mchicha na matembele, kisha mabingobingo kwenye kingo za mto, na matete miguu ikiwa majini. Kila aina imeshika kiwango chake cha unyevu, na mtelemko mzima unaweza kusomwa bila kuchimba shimo hata moja.

Katika bustani mojawapo ya bonde hilo mama mmoja mtu mzima alikuwa ameacha mstari wa mafungu ya ginea juu ya matuta yake ya mchicha, ilhali majirani zake walikuwa wamefyeka mpaka ukingoni. Alipoamkiwa, aliitikia, "Marahaba, baba, karibu," na alipoulizwa sababu ya kuyaacha majani hayo alionyesha tuta la jirani ambalo maji ya mvua yalikuwa yamelikata na kulimwaga mtoni, kisha akaonyesha la kwake lililobaki zima. Mizizi ya nyasi ya mafungu ni mingi, myembamba na imefumana, hivyo huzuia mchanga kusombwa na hupunguza kasi ya maji yanayoteremka, na majani yake yakikatwa hutandazwa juu ya tuta ili kutunza unyevu. Elimu ya hifadhi ya udongo hufundisha jambo hilohilo kwa kutumia nyasi zinazonunuliwa na kupandwa, wakati hapa mmea wenyewe upo na hauhitaji gharama isipokuwa kuachwa.

Kutoka Rangi Tatu ya Mbagala kuelekea Chamazi na Mbande nyumba zimesogea mpaka kwenye vichwa vya vijito, na ginea imebaki katika vipande vya pembetatu kati ya uzio na uzio, nyuma ya vyoo, na katika viwanja ambavyo wenyewe wanasubiri fedha za kujengea. Kwa mtazamo wa haraka mtu angesema kwamba nyasi hii imeushinda mji, kwa kuwa hakuna mtaa ambao haipo. Kauli hiyo ni ya kweli kwa upande wa idadi ya mafungu, lakini si ya kweli kwa upande wa aina, na tofauti kati ya mambo hayo mawili inahitaji kuelezwa.

Mbegu zisizochanganya damu

Ginea nyingi zina kromosomu 32 katika kila seli, kromosomu zikiwa ni nyuzi zinazobeba urithi wa mmea, na mimea hiyo huzaa kwa njia iitwayo apomiksi, ambamo kiinitete cha mbegu hutokana na seli za mama pekee, chavua ikihitajika tu kwa ajili ya kuanzisha chakula cha mbegu. Mtoto anayetokana na njia hii ni nakala ya mama yake, na shamba lote la maelfu ya ekari linaweza kuwa, kiurithi, mmea mmoja uliorudiwa. Ndivyo yalivyo kwa kiasi kikubwa malisho ya Tanzânia na Mombaça huko Brazil. Watafiti wa ORSTOM, hata hivyo, walikuta katika eneo la Korogwe mimea yenye kromosomu 16 inayozaa kwa njia ya kawaida ya dume na jike, na ugunduzi huo ndio uliofungua mlango wa kuzalisha ginea mpya. Kromosomu za mimea hiyo ziliongezwa maradufu kwa dawa ya kolkisini, kisha mimea ikachavushwa kwa chavua ya ile ya apomiksi, na chotara waliozaliwa wakachaguliwa kwa vizazi vingi. BRS Tamani ya mwaka 2015 na BRS Quênia ya mwaka 2017, zote za Embrapa, ni matunda ya kazi ya namna hiyo.

Maana yake ni kwamba ginea ya ugenini imeenea sana lakini haina aina nyingi, ilhali ginea ya Afrika Mashariki ina utajiri wa aina kwa sababu hapa mimea inayochanganya damu na ile isiyochanganya huishi pamoja, pamoja na ndugu kama Megathyrsus infestus, katika kingo za misitu, mabonde ya mito na vichaka vya matumbawe. Fungu linalochipua katika kiwanja cha Chamazi laweza kuwa nakala ya mamilioni mengine, lakini fungu la ukingo wa msitu linaweza kuwa la aina yake peke yake, na kwa macho matupu hakuna anayeweza kuyatofautisha.

Ugenini nyasi hii imeonyesha pia upande wake mwingine. Katika visiwa vya Hawaii, ambako ililetwa kwa ajili ya malisho, ginea na nyasi nyingine za kigeni zilijaza mashamba ya miwa na mananasi yaliyoachwa, zikakauka, na zikawa kuni za moto wa tarehe 8 Agosti 2023 ulioteketeza mji wa Lahaina na kuua watu wapatao 100. Katika Mabwepande na Charambe mmea uleule haufikii hali hiyo kwa urahisi, kwa sababu kila mara kuna anayeuhitaji, awe mkataji mwenye mundu, mbuzi aliyefungwa kamba, ndege wadogo wanaoshukia masuke, au mkulima anayetafuta matandazo. Mazingira ya asili ya mmea, kwa maana hii, yanajumuisha pia wale wanaoula na kuukata, na pale walipokosekana ndipo ulipogeuka kuwa janga.

Kutokana na hayo yote, hatua zinazostahili kuchukuliwa katika viunga vya Dar es Salaam ni chache na hazihitaji sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zenye kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na ufuko wa bahari, na utekelezaji wake katika mito ya Kizinga, Mzinga na Mpiji ungehifadhi kwa pamoja kingo, maji na aina za nyasi, huku wakata majani na wakulima wa mchicha wakiruhusiwa kuendelea na matumizi yasiyong'oa mafungu. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, yenye kituo mkoani Tanga, mkoa uleule wa Korogwe, ndiyo iliyo katika nafasi nzuri zaidi ya kukusanya mbegu za ginea ya Pande, Kunduchi na Temeke kabla viwanja havijajengwa, na kuzipeleka katika benki ya taifa ya mbegu za asili iliyoko Arusha. Kazi iliyofanywa na wageni mwaka 1969 katika safari moja ya barabarani inaweza kufanywa tena na wenyeji kwa gharama ndogo, na mfugaji wa Bunju angepata kuchagua malisho yake kutoka katika mimea ya nyumbani kwake bila kungoja yarudi kwenye pakiti zenye majina ya Kireno.